Kabla Hajawa Barabara, Argwings Kodhek Alikuwa Wakili

Kila Jumatatu lazima mtu aposti Abraham Lincoln. Mnaijua hiyo posti: alizaliwa kwenye kibanda cha magogo Kentucky mwaka 1809, shule alisoma kidogo tu, akajifundisha sheria mwenyewe kwa vitabu vya kuazima, akashindwa uchaguzi huu na ule, mwisho akawa rais wa Marekani. Halafu chini wanaandika "usikate tamaa". Mimi niliacha chuo, kwa hivyo hiyo posti natumiwa na watu watatu wanne kila wiki, kila mmoja akidhani ni yeye wa kwanza. Asanteni. Lincoln alikuwa mtu wa maana, sina neno naye. Lakini leo nina swali, hasa kwenu nyinyi wa Oyugis, Kosele, Ringa, Kendu Bay mpaka huko Migori: Mwafrika wa kwanza kufanya kazi ya uwakili Kenya hii alikuwa nani?

Nimewahi kuwauliza watu hapa steji. Mmoja akasema Njonjo. Mwingine akasema Orengo, na hakuwa anatania. Kuna mzee mmoja tu alijibu bila kufikiria, na alijibu kwa hasira kidogo, kama mtu aliyengoja miaka mingi aulizwe: Kodhek.

Ndiyo, ile barabara. Ile ya Hurlingham mpaka Yaya Centre, ambayo ukiwa Nairobi umepanda matatu ya Kawangware makanga anaita majina ya hospitali na majumba lakini jina la barabara lenyewe halitaji. Clement Michael George Argwings-Kodhek. Ukiandika C.M.G. kwa simu inakuletea habari ya tumbaku na magari.

Najua kuna mtu atasema huyo alikuwa wa Gem, Siaya, mbona mimi wa Homa Bay nimwandikie. Tulia. Tutafika Homa Bay, na tukifika huko mambo hayatakuwa mazuri sana kwetu.

Kodhek alizaliwa Gem mwaka 1923. Gem ile ya watu wa shule. Kabla yake kulikuwa na chifu anaitwa Odera Akang'o ambaye alitembea Uganda akaona mambo, akarudi akawa anawapeleka watoto shule kwa nguvu, kiboko kikitembea kwa mzazi na kwa mtoto pia. Mnaweza kubishana kama ile ilikuwa njia nzuri. Lakini Gem ikatoa walimu, madaktari, wanahistoria kama Bethwell Ogot, na ikatoa huyu. Akasoma St. Mary's Yala, shule ya Wakatoliki, kisha akaenda Makerere akatoka na diploma ya ualimu, akafundisha kwa miaka michache. Mpaka hapo ni stori ya kawaida ya Mwafrika aliyesoma wakati ule: unakuwa mwalimu, unakuwa karani, au unaingia seminari. Basi.

Kitu ambacho watu wengi hawajui ni kwamba sheria ilikuwa imefungwa. Hakukuwa na bango limeandikwa "Waafrika hapana", lakini angalia njia yenyewe. Makerere haikuwa na kitivo cha sheria. Afrika Mashariki yote haikuwa nacho mpaka kilipofunguliwa Dar es Salaam mwaka 1961. Ukitaka kuwa wakili ilibidi uende Uingereza, ujiandikishe kwa vyama vya mawakili vya London, ule chakula cha jioni nao mara kadhaa (sitanii, hiyo ni sehemu ya masharti), ulipe ada, urudi. Na pesa za kwenda ilikuwa ni skolashipu ya serikali ya koloni, ambayo haikuwa na haraka ya kumfundisha Mwafrika kusoma sheria za ardhi zilizompora ardhi. Mwalimu sawa. Daktari wa mifugo sawa. Wakili wa nini?

Hapo ndipo mtu akiniletea Lincoln namwambia sikiliza. Lincoln alisoma vitabu vyake akapata leseni Illinois mwaka 1836, na hakuna mtu alimwambia ngozi yako hairuhusu. Umaskini ulikuwa ukuta wake, lakini ukuta wa umaskini una mlango. Kodhek alikuwa na diploma, alikuwa na akili, alikuwa na hamu, na bado ilibidi apitie dirishani. Mwaka 1947 alipata nafasi ya kwenda Cardiff, Wales, kusoma mambo ya sayansi ya jamii. Alipofika kule akageuza, akasoma sheria. Mwaka 1951 akaitwa kuwa wakili kamili Uingereza. Alipitisha sheria kwenye mzigo wa kitu kingine, kama vile watu wetu wanavyopitisha vitu Isebania.

Akarudi nyumbani na vitu viwili ambavyo koloni haikuvipenda: leseni ya sheria na mke mzungu, mwanamke wa Ireland. Lazima ukumbuke Nairobi ya 1952 ilikuwa imekatwa vipande kama keki. Wazungu juu milimani, Wahindi Parklands na Ngara, Mwafrika Pumwani, Kaloleni, Shauri Moyo, na kipande mfukoni. Sasa mtu kama huyu na mkewe wakae wapi? Akienda na mkewe Hurlingham yeye ndiye tatizo. Mkewe akija Kaloleni yeye ndiye tatizo. Watu hupenda kuisimulia hiyo ndoa kama sinema ya mapenzi. Mimi naiona kama kesi ambayo Kodhek alikuwa ndani yake kila siku kabla hata hajafika kortini.

Serikali ilimpa kazi ofisi ya Mwanasheria Mkuu. Hapo ndipo stori yenyewe inaanzia. Wakati huo serikali ilikuwa na mizani yake: Mzungu analipwa mshahara kamili, Mhindi na Mwafrika wa cheo kilekile na karatasi zilezile wanalipwa tatu kwa tano ya huo. Kodhek akapigiwa hesabu yake, na ilikuwa chini sana ya ile ya wazungu ambao wangekaa meza ya pili. Akakataa. Akasema anaenda kujitegemea.

Rahisi kusoma hiyo sentensi haraka, lakini simama hapo kidogo. Huyu ni mtu wa miaka 29 hivi, ana mke ambaye hawezi hata kupangisha naye nyumba kwa amani, ukoo wote Gem unangojea matunda ya elimu, na anakataa kazi ya serikali yenye pensheni. Nikikataa mimi kazi ya kaunti hapa leo, mama atanililia wiki mbili. Charles Njonjo, ambaye yule jamaa wa steji alimtaja, aliporudi na sheria yake katikati ya miaka ya hamsini aliingia serikalini, akapanda ngazi pole pole mpaka akawa Mwanasheria Mkuu wa Kenya huru mwaka 1963. Simlaumu. Mtoto wa chifu alienda alikozoea. Nasema tu kwamba njia zilikuwa mbili na kila mmoja alichagua yake, na leo mnamkumbuka aliyechagua ile ya serikali.

Kisha tarehe 20 Oktoba 1952 ikatangazwa Hali ya Hatari.

Shuleni tulifundishwa Kapenguria. Kenyatta, Kaggia, Kung'u Karumba, Fred Kubai, Paul Ngei na Achieng Oneko wetu wa Nyanza. Tulikariri majina sita kwa wimbo. Na kesi ile ilikuwa na mawakili wakubwa: Pritt kutoka London, Dudley Thompson wa Jamaica, Davies wa Nigeria, Chaman Lall kutoka India, na Wahindi wa hapahapa kama Kapila na Fitz de Souza ambao nao hatuwataji vya kutosha. Dunia nzima ilikuwa inaangalia. Wakafungwa Aprili 1953, miaka saba, kazi ngumu.

Lakini dunia haikuwa inaangalia kesi zile zingine. Kuanzia 1953 kulikuwa na mahakama maalum za Hali ya Hatari, kazi yao kumaliza kesi haraka. Ukipatikana na bunduki, kunyongwa. Ukipatikana na risasi moja tu mfukoni, kunyongwa. Ukilisha mtu kiapo, kunyongwa. Ukipatikana umekaa na watu wenye silaha, hata kama wewe ulienda tu kupeleka uji, hesabu ni ileile. Kufikia mwisho wa Hali ya Hatari zaidi ya watu 1,000 walikuwa wamepelekwa kwenye kitanzi. Wengine hawakuua mtu yeyote, na hawakushtakiwa kuua. Ushahidi mara nyingi ulikuwa maungamo, na maungamo yalitoka wapi, tunajua. Mtu anaingia kituo cha homugadi akiwa na meno yote, anatoka amekiri.

Kwenye hizo kesi ndipo Kodhek alipofanya kazi. Wateja wake walikuwa wakulima, vibarua, wachuuzi, vijana wa msituni. Wengine hawakuwa na shilingi. Aliwatetea hivyohivyo. Walowezi wakampa jina, wakili wa Mau Mau, wakidhani wanamtukana.

Hebu mfikirie kortini. Jaji mzungu na nywele zake za bandia. Mwendesha mashtaka mzungu. Afisa wa polisi mzungu anatoa ushahidi. Mkalimani Mwafrika. Mshtakiwa Mwafrika, amefungwa pingu, haelewi nusu ya kinachosemwa. Halafu anasimama Mwafrika mwingine, naye amevaa joho na zile nywele za bandia, anamuuliza yule afisa mzungu maswali, na sheria inamlazimisha yule afisa ajibu. Hata kama mshtakiwa alinyongwa baadaye, na wengi walinyongwa, alikuwa ameona hicho kitu. Kwa koloni, nafikiri, hicho kitu kilikuwa hatari kuliko ile risasi moja ya mfukoni.

Na wengi wa hao wateja walikuwa Wakikuyu, Waembu na Wameru. Serikali ilijitahidi sana kuwaambia Waluo, Waluhya, Wakamba kwamba hii ni shida ya Wakikuyu, nyinyi kaeni kando mtafaidika, kazi zao Nairobi mtazichukua nyinyi. Na kuna waliochukua, tusidanganyane. Operesheni Anvil ya Aprili 1954 ilipozunguka Nairobi na kuwabeba maelfu kwa maelfu kwenda vizuizini, kazi na vyumba vilibaki wazi, na vilijaa. Kodhek wa Gem angeweza kuwa wakili wa mashamba na wosia, akakaa vizuri, akajenga nyumbani. Hakuna aliyemlazimisha kwenda kusimama na watu ambao siasa ya wakati ule ilikuwa inamwambia si wake.

Ninapowasoma nyinyi kwenye komenti wakati wa siasa, wa huku mkisema wale na wa kule wakisema nyinyi, huwa nafikiria hicho.

Haya, siasa sasa. Chama cha KAU kilipigwa marufuku mwaka 1953. Miaka miwili baadaye serikali ikasema Waafrika wanaweza kuunda vyama tena, lakini ngazi ya wilaya peke yake. Chama cha Kenya nzima, hapana. Kodhek alikuwa wa kwanza kuujaribu huo mlango. Akaleta karatasi za chama cha kitaifa, wakakataa kukisajili. Akarudi, akaondoa nchi nzima kwenye jina, kikabaki Nairobi District African Congress. Hicho ndicho kikasajiliwa mwaka 1956.

Hii sheria ya vyama vya wilaya naona haijadiliwi vya kutosha. Watu hulalamika kwamba siasa ya Kenya ni ya kikabila kana kwamba tulizaliwa nayo kwenye damu. Lakini wilaya za koloni zilichorwa kwa kabila. Ukimwambia mtu aunde chama cha wilaya umemwambia aunde chama cha kabila. Nairobi ilikuwa karibu mahali pekee ambapo chama cha wilaya kingeweza kuwa na Mluo, Mkamba, Mluhya na Mkikuyu kwa meza moja, ndiyo maana Kodhek alikifungulia huko. Kule Mkoa wa Kati hata hicho cha wilaya hawakuruhusiwa. Miaka hiyo michache ilitosha. Uhuru ulipofika kila mkubwa alikuwa na wilaya yake mfukoni, na bado mpaka leo tunaita mtu kigogo wa mahali fulani.

Sasa ndio tunafika Homa Bay. Machi 1957, uchaguzi wa kwanza wa Waafrika kuingia Baraza la Kutunga Sheria. Viti vinane. Nyanza ya Kati akapita Jaramogi Oginga Odinga. Nyanza Kusini, ambayo ndiyo ilikuwa inatubeba sisi, akapita Lawrence Oguda. Bonde la Ufa, Daniel arap Moi. Pwani, Ronald Ngala. Na Nairobi, kiti kilichokuwa na kelele kuliko vyote, Kodhek wakili dhidi ya kijana wa miaka 26 kutoka familia ya kisiwa cha Rusinga, katibu mkuu wa shirikisho la wafanyakazi, amerudi tu juzi kutoka Oxford: Tom Mboya.

Mboya wetu. Mboya ambaye kila mtoto wa Homa Bay anafundishwa kujivunia, na mimi najivunia. Mboya alishinda. Haukuwa ushindi mkubwa, pengo lilikuwa kura mia kadhaa tu kwa sababu waliopiga kura wenyewe walikuwa wachache, lakini alishinda.

Nimesoma watu wakieleza kwa nini. Wanasema Mboya alikuwa na vyama vya wafanyakazi, alikuwa msemaji mzuri, alijua kupanga watu, nyumba kwa nyumba, karakana kwa karakana. Kweli yote. Mtu aliyesuluhisha mgomo wa bandari ya Mombasa mwaka 1955 na kuwarudisha makuli kazini na nyongeza ya mshahara hakuwa mtu wa kuchezewa. Wanasema pia Kodhek alikuwa na majivuno ya wakili na aliongea kama yuko kortini. Labda.

Lakini angalieni orodha ya wapiga kura kabla hamjamcheka. Kura ile haikuwa ya kila mtu. Ulihitaji elimu fulani, au mshahara fulani, au mali, au umri na cheo, na ukiwa na sifa nyingi unapewa kura mpaka tatu. Kwa Wakikuyu, Waembu na Wameru juu ya hayo yote ulihitaji hati ya uaminifu, yaani serikali ithibitishe kwamba uliipinga Mau Mau. Sasa wateja wa Kodhek ni kina nani? Ni wale walio kizuizini tangu Anvil. Ni jamaa zao waliofukuzwa Nairobi. Ni watu ambao hati ya uaminifu hawangeipata hata wakilia damu. Dedan Kimathi alinyongwa Kamiti tarehe 18 Februari 1957, wiki tatu tu kabla ya kura. Watu ambao Kodhek aliwapa miaka mitano ya maisha yake hawakuwa na ruhusa ya kumpigia kura. Mboya hakuiba chochote, na wala hakuiandika hiyo sheria. Ila mchezo ulichezwa uwanja ambao mashabiki wa timu moja walikuwa wamefungiwa nje, na sisi tunahesabu mabao tu.

Mnaona kwa nini nilisema mambo hayatakuwa mazuri kwetu. Kumpenda Mboya si lazima umfute Kodhek. Walikuwa watoto wa Nyanza wawili, wote Wakatoliki, wote wamepita Yala, wakagombania mji ambao wote wawili hawakuzaliwa, na ule ugomvi wao uliacha makovu.

Baada ya hapo nitakimbia kidogo, kwa sababu vyeo havina stori nyingi. Mwaka 1963 Gem wakampeleka bungeni. Akawa serikalini chini ya Kenyatta, akapanda mpaka uwaziri, na alipokufa alikuwa kwenye Wizara ya Mambo ya Nje. Mwaka 1966 Jaramogi alipotoka KANU akaunda KPU na sehemu kubwa ya Nyanza ya Kati ikamfuata, Kodhek alibaki KANU. Wapo mpaka leo ambao hawajamsamehe kwa hilo. Mimi nikimwangalia naona mtu ambaye alijaribu chama cha kitaifa akanyimwa kwa sheria, sasa chama cha kitaifa kipo na ana kiti ndani yake. Kwamba hicho chama kilikuwa tayari kinaoza, nadhani alikuwa anaona. Alikuwa wakili, alijua kusoma karatasi.

Tarehe 29 Januari 1969 akafa. Nairobi, kwenye barabara ya Hurlingham, akiwa na miaka 45 hivi. Serikali ikasema ajali ya gari. Nyanza wengi hawakuamini wakati ule na wengi hawaamini leo. Sitaandika hapa kwamba aliuawa, kwa sababu sina ushahidi, na huyu marehemu hasa alipigania watu wasihukumiwe kwa uvumi. Lakini pia sitamdharau yule mzee wa steji ambaye uso ulibadilika nilipotaja jina. Angalia kilichofuata mwaka huohuo. Tarehe 5 Julai Mboya akapigwa risasi mchana mtaani Nairobi, pale inaitwa Moi Avenue siku hizi. Oktoba ikawa Kisumu, siku Kenyatta alienda kufungua hospitali, watu wakapigwa risasi, na siku chache baadaye KPU ikapigwa marufuku na Jaramogi akawekwa kizuizini. Mtu aliyeishi mwaka huo Nyanza, ukimwambia Januari ilikuwa ajali, anakuangalia tu.

Baadaye Hurlingham Road ikapewa jina lake. Barabara aliyofia. Ni heshima ya ajabu hiyo, na nimeshindwa kuamua kama aliyeiamua alikuwa na huruma au alikuwa na ucheshi mbaya.

Sasa kwa nini nawaletea haya yote mwaka huu. Juni 2024 vijana walipojaa barabarani na wakaanza kubebwa na magari yasiyo na namba, mawakili walienda vituoni usiku bila kulipwa, wakiuliza majina, wakiandika, wakikataa kuondoka. Sikusikia hata mmoja akiuliza huyu ni wa kabila gani. Na Juni 2025 Albert Ojwang, mwalimu na mwanablogu, alichukuliwa nyumbani kwao hapahapa Homa Bay Jumamosi kwa sababu ya posti, akapelekwa Nairobi, na Jumapili alikuwa amekufa seli ya Central. Polisi wakasema aligonga kichwa ukutani. Daktari aliyepasua mwili akasema majeraha hayo ni ya kushambuliwa.

Mimi nafanya kazi ileile aliyokuwa akifanya, kuandika kwenye simu nikiwa huku. Kwa hivyo nimekisoma Kifungu cha 49 cha Katiba ya 2010 kuliko nilivyosoma kitabu chochote cha chuo. Ukikamatwa una haki ya kuambiwa sababu kwa lugha unayoelewa, haki ya kunyamaza, haki ya kuwasiliana na wakili, na kufikishwa kortini kabla ya saa 24 kuisha. Hizo ni karibu zilezile Kodhek alizokuwa anadai kwa mdomo wake mbele ya majaji wa koloni, mwaka ambao hazikuwa zimeandikwa popote kwa ajili ya Mwafrika. Sasa zimeandikwa. Oyugis tuna korti yetu, pale watu wanabishania mipaka ya mashamba kila siku. Lakini uliza walio kwenye foleni ni wangapi wana wakili. Wengi wanajisimamia wenyewe, wanamwambia hakimu "mheshimiwa nisaidie", na hakimu si kazi yake kukusaidia.

Jothurwa, nina ombi. Uchaguzi mdogo wa Gem uliofuata kifo cha Kodhek, 1969, KANU na serikali yake yote walienda huko kutafuta hicho kiti, na watu wa Gem wakampa Wasonga Sijeyo wa KPU. Miezi michache baadaye Sijeyo akatiwa kizuizini, na hakutoka mpaka 1978. Huyo ndiye nataka kumwandika posti ijayo. Kama uko na dani au kwaru aliyekuwa Gem mwaka huo, au aliyepiga kura ya 1957 Nairobi au hapa Nyanza Kusini, mrekodi kwa simu akisimulia, kwa Dholuo sawa, kwa Kiswahili sawa, na unitumie. Fanya hivyo wiki hii. Betri ya simu unaweza kuchaji kesho, hao wazee hapana.